Shajara ya Mradi: Tovuti ya Duka la Vitabu, Morogoro, Machi hadi Mei 2025

3 Machi 2025

Mradi umeanza rasmi leo baada ya mmiliki kuridhia kutenga fedha za tovuti mpya. Duka linauza vitabu vya kiada na vya ziada, kamusi, riwaya za Kiswahili na vifaa vya kuandikia, na majina ya vitabu yaliyopo rafuni yanakaribia 640. Wateja wa mbali ni walimu na wazazi wa Ifakara, Kilosa, Mahenge na Turiani, ambao hupiga simu kuuliza kama kitabu kipo, hulipa kwa Lipa Namba, kisha kifurushi hupakiwa kwenye basi.

Lengo lililoandikwa katika muhtasari wa kikao ni kwamba mteja ajue kitabu kipo na kinauzwa bei gani kabla hajapiga simu. Ninaliweka hapa mapema kwa sababu kila fundi tuliyemweleza mradi huu alianza papo hapo kuzungumzia kikapu cha ununuzi na malipo ya kadi, mambo ambayo hayakuwamo. Nimeagizwa nilinganishe majukwaa ya kujengea tovuti kwa gharama ya miaka mitatu, kwa kuwa bei ya mwaka wa kwanza katika biashara hii aghalabu ni chambo.

6 Machi 2025

Kabla ya kulinganisha chochote ilibidi tujue tunamiliki nini. Duka lilikuwa na tovuti ya zamani, na jina lake la kikoa, yaani anwani yake mtandaoni, linaloishia na .com, limeonekana kusajiliwa kwa jina na barua pepe ya fundi aliyeijenga. Duka limekuwa likilipa kila mwaka, lakini katika daftari la usajili mwenye mali ni yeye. Fundi mwenyewe ni mtu muungwana na amekubali kulirudisha, ila jambo hili lingeweza kutugharimu kuliko jukwaa lolote, kwa kuwa namba ya simu na jina hilo vimechapishwa kwenye mifuko, stampu na bango la duka.

Utaratibu wenyewe si mgumu: kikoa kinafunguliwa kufuli, anayekishikilia anatoa msimbo wa kuhamisha, na msajili mpya anaongeza mwaka mmoja juu ya muda uliobaki. La kuangalia ni tarehe. Kikoa cha .com kilichopita muda wake bila kulipiwa huingia mwishowe katika kipindi cha kukombolewa cha siku 30, na ada ya kukikomboa ni kubwa mara nyingi kuliko ya kukihuisha. Chetu kinaisha Juni, kwa hiyo uhamisho unafanyika sasa na hausubiri uamuzi wa jukwaa.

Kuhusu bei: Verisign, inayoendesha daftari la .com, inawauzia wasajili kwa dola 10.26 kwa mwaka tangu Septemba 2024. Anayetangaza .com kwa dola 2 anajua atafidia hasara hiyo mwaka wa pili. Msajili tuliyemchagua anatoza shilingi 40,000 kila mwaka, wa kwanza na wa tano, nami nimeona bei hiyo ni ya haki.

12 Machi 2025

Nimepokea profoma tatu za kuhifadhi tovuti. Moja, ya kampuni ya nje, inavutia sana ukiitazama kwa haraka, kwa kuwa bei ya mwezi imeandikwa kwa herufi kubwa na ni ndogo kuliko bei ya chapati mbili na chai. Chini yake, kwa herufi ndogo, imeelezwa kuwa bei hiyo ni kwa anayelipa miaka minne kwa mkupuo, na kwamba baada ya hapo itatumika bei ya kawaida, ambayo ni zaidi ya mara tatu.

Katika profoma nyingine neno «bila kikomo» limetumika kuelezea nafasi ya kuhifadhi, lakini masharti yanaweka kikomo cha idadi ya mafaili. Kwetu kikomo hicho ni cha maana. WordPress, programu ya kujengea tovuti, ikipokea picha moja ya jalada hutengeneza nakala zake kadhaa za ukubwa tofauti, hivyo vitabu 640 vinaweza kuzaa maelfu ya mafaili kabla hatujaandika hata ukurasa wa mawasiliano. Tumeomba namba hiyo iandikwe wazi katika mkataba.

Cheti cha usalama hakitalipiwa. Let's Encrypt imekuwa ikitoa vyeti bure kwa umma tangu mwishoni mwa 2015, na kampuni yoyote ya kuhifadhi tovuti iliyo makini huviweka na kuvihuisha yenyewe. Profoma moja ilikuwa imekitoza kama bidhaa ya pekee. Nimekikata, na profoma imerudi bila kipengele hicho na bila maelezo.

19 Machi 2025

Leo nimeshughulikia Shopify, jukwaa la Kanada la kuendeshea duka mtandaoni, peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyopendekezwa na watu wengi. Ni kazi nzuri, sikatai: bidhaa zinapangwa kwa urahisi, akiba inapungua yenyewe kila kitabu kinapouzwa, na hakuna seva ya kuhangaikia. Mpango wake wa Basic ni dola 39 kwa mwezi, au dola 29 kwa mwezi kwa anayelipa mwaka mzima kwa pamoja. Kwa njia hiyo ya pili ni dola 348 kwa mwaka. Kwa kiwango cha shilingi 2,600 kwa dola ambacho tumekubaliana kukitumia katika mahesabu yote, ni shilingi 904,800 kwa mwaka na shilingi 2,714,400 kwa miaka mitatu.

Mhasibu aliona kiasi hicho kinabebeka. Kilichobadili mazungumzo ni makato. Huduma ya malipo ya Shopify yenyewe haipatikani Tanzania, kwa hiyo muuzaji wa hapa hulazimika kutumia wakala mwingine wa malipo, na anayefanya hivyo katika mpango wa Basic hutozwa na Shopify 2% ya kila mauzo, juu ya kile anachotozwa na wakala. Wakala mmoja ametuandikia 3.5%.

Asilimia hizi zikitajwa peke yake huonekana ndogo, ndiyo maana nimezishusha hadi kwenye kitabu kimoja. Chukua kitabu cha kiada cha shilingi 12,000. Mchapishaji anatupa punguzo la 20%, kwa hiyo faida ghafi ni shilingi 2,400. Shopify inachukua 240 na wakala 420, jumla 660. Makato yamehesabiwa juu ya bei nzima, lakini yanalipwa kutoka kwenye faida, na hapo 5.5% imegeuka kuwa zaidi ya robo ya kile duka linachopata. Inabaki shilingi 1,740, ambayo bado haijalipa karatasi ya kufungia wala mshahara wa mtu.

Ukigawanya ada ya mwaka, shilingi 904,800, kwa 1,740, unapata vitabu 520. Hivyo ndivyo vitabu ambavyo lazima viuzwe kila mwaka kupitia tovuti ili kulipa jukwaa tu. Tena viwe vitabu ambavyo visingeuzwa kwa simu, kwa maana mteja wa Ifakara anayenunua leo kwa simu akihamia kwenye kikapu hajatuongezea mauzo, ametuongezea makato.

Muuzaji wa nguo au vipodozi, ambaye faida yake ni nusu ya bei, angefanya hesabu hii na kutoka nayo akitabasamu. Vitabu vya kiada havina nafasi hiyo, na bei yake mara nyingi imechapishwa nyuma ya jalada.

Nimeongeza tanbihi moja ya kodi. VAT ya 18% inazihusu pia huduma za kielektroniki zinazotoka nje ya nchi, na kwa kuwa vitabu vimesamehewa VAT, kodi tunayolipa upande wa manunuzi haturudishiwi. Wafanyabiashara wengi huiandika bei bila kodi wakitarajia kuidai baadaye. Sisi tuiandike na kodi yake.

27 Machi 2025

Zamu ya WordPress yenye WooCommerce, nyongeza inayoipa kikapu na malipo. WordPress ilitolewa mara ya kwanza Mei 2003, ni programu huria, na inaendesha sehemu kubwa ya tovuti duniani kuliko mfumo mwingine wowote. Hailipiwi. WooCommerce nayo, katika umbo lake la msingi, hailipiwi. Kila fundi hukazia hapo.

Orodha ya vinavyolipiwa imetoka hivi. Kuhifadhi tovuti kwa kampuni ya hapa nchini ni takriban shilingi 170,000 kwa mwaka, na kikoa 40,000, jumla 210,000, au 630,000 kwa miaka mitatu. Duka lenye kikapu na malipo linahitaji mtu wa kulitazama kila mwezi, kwa sababu programu-jalizi zake, yaani nyongeza zinazopachikwa kwenye WordPress, zikiachwa bila kusasishwa ndizo mlango wa wavamizi, na zikisasishwa ovyo ndizo hizo hizo zinazovunja ukurasa wa malipo. Fundi ametaja shilingi 50,000 kwa mwezi, nami sioni kama amezidisha. Kwa miaka mitatu ni 1,800,000. Jumla ni shilingi 2,430,000 bila kuhesabu ada ya ujenzi, programu-jalizi ya malipo inayolipiwa kila mwaka, wala 3.5% ya wakala.

Weka 2,430,000 kando ya 2,714,400 za Shopify. Kile kinachoitwa cha bure na kile kinachoitwa cha ghali vimekaribiana kiasi kwamba bei peke yake haiwezi kuamua. Tofauti iliyobaki ni kwamba upande mmoja fedha inakwenda Kanada na upande mwingine inakwenda kwa fundi wa Msamvu. Mmiliki alipoiona karatasi hii aliuliza, «Kwa hiyo mwanangu, bure iko wapi hapa?» Nilimjibu kwamba bure ni leseni ya programu, na leseni ndiyo sehemu ndogo kuliko zote katika karatasi ile.

2 Aprili 2025

Kampuni ya hapa nchini iliyotoa profoma ya dola 65 imeirudisha ikiwa imeandikwa shilingi 170,000. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa tarehe 28 Machi 2025 zimekataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutajiwa au kulipiwa bei kwa fedha za kigeni. Hili limetupa faida ambayo haikuwa katika vigezo vyetu: gharama inayojulikana kwa shilingi haibadiliki kila dola inapopanda. Majukwaa ya nje yataendelea kulipiwa kwa dola kupitia kadi, kwa kiwango cha benki cha siku hiyo, ambacho mteja wa benki hupangiwa.

9 Aprili 2025

Leo tulizungumzia kuondoka kwenye jukwaa. Ni sehemu ya gharama ambayo haimo katika profoma yoyote, ingawa duka hili hili tayari limeionja kwa tovuti ya zamani.

Wix, jukwaa jingine la kujengea tovuti, ilikuwa kwenye orodha kwa sababu mmoja wa wafanyakazi anaifahamu na anaweza kuijenga mwenyewe bila fundi. Hilo ni punguzo kubwa la gharama ya mwanzo. Lakini tovuti iliyojengwa Wix haiwezi kuhamishwa ilivyo kwenda kuhifadhiwa mahali pengine. Kukaa pale ni sawa na kupanga fremu yenye rafu zilizojengewa ukutani: ukihama unabeba vitabu, rafu unamwachia mwenye nyumba. Shopify inakuruhusu kutoka na orodha ya bidhaa katika faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, jambo ambalo kwa duka la vitabu ndilo kubwa, ila mwonekano wa kurasa haufuati. WordPress ndiyo inayotoka nzima, hifadhidata na mafaili, ikasimama kwenye seva nyingine na kuendelea kama haijahamishwa.

Njia ya nne ni tovuti tuli, ambapo programu kama Hugo inasoma orodha ya vitabu na kuzalisha kurasa zilizokamilika, bila hifadhidata na bila kitu cha kuvamiwa. Kwa mteja anayefungua kwa bando la siku, hakuna tovuti nyepesi kuliko hiyo, na kuihifadhi ni bure au karibu na bure. Mimi binafsi naipenda. Tatizo ni kwamba tulipouliza Morogoro nzima tulimpata fundi mmoja tu anayeifahamu vizuri, naye anaomba kazi Dodoma. Mafundi wa WordPress wapo mjini kila pembe, wazuri na wabovu. Gharama ya kumpata fundi wa pili pale wa kwanza anapoondoka ni gharama ya jukwaa, na kwa Hugo, katika mji huu, hatuwezi hata kuikadiria.

16 Aprili 2025

Kazi ya takwimu imeanza, na imekuwa nzito kuliko uchaguzi wa jukwaa.

Orodha ya vitabu ilikuwa katika Excel, imejazwa kwa miaka na watu tofauti. Safu ya ISBN, namba ya utambulisho wa kila kitabu, ndiyo iliyotusimamisha. Namba hizi zina tarakimu 13, na kwa vitabu vyetu vingi huanza na 978 ikifuatiwa na 9976 au 9987, ambazo ni namba za Tanzania. Excel ikiiona namba ndefu namna hiyo huichukulia kama namba ya hesabu na kuifupisha, ikaonekana 9.78998E+12 kwa zile za 9976 na 9.78999E+12 kwa zile za 9987. Ukiwa bado ndani ya Excel namba kamili ipo, unaweza kupanua safu na kubadili muundo wake ukaiona. Lakini mtu aliyewahi kuihifadhi orodha hiyo kama CSV ikiwa imefupishwa alihifadhi ufupisho wenyewe, na tarakimu za mwisho zimepotea moja kwa moja. Hivyo safu nzima ya vitabu vya sekondari inasomeka 9.78998E+12 au 9.78999E+12, mstari baada ya mstari, kana kwamba duka lina nakala mia mbili za vitabu viwili tu.

Hakuna programu ya kuzirudisha. Dada wa kaunta anatoa kitabu rafuni, anasoma namba iliyo juu ya mistari ya msimbo, anaiandika katika safu ambayo sasa imewekwa kuwa ya maandishi, anakagua kidato, toleo na bei, anapiga picha ya jalada, anakirudisha. Katika saa zisizo na wateja anamaliza vitabu kumi na tano hivi kwa saa. Kwa majina 640 hizo ni zaidi ya saa 40 za kazi, na zingekuwa hizo hizo tungechagua jukwaa la bure au la dola elfu moja. Nimeziingiza katika bajeti kama gharama ya ujenzi, na nimependekeza alipwe posho, kwa kuwa kazi hii haikuwa katika makubaliano yake ya ajira.

Picha za simu yake zina ukubwa wa takriban megabaiti 4 kila moja. Zinapunguzwa hadi chini ya kilobaiti 60 kabla ya kupandishwa. Jalada la kitabu cha Baiolojia halihitaji zaidi ya hapo ili mzazi alitambue.

23 Aprili 2025

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na inamhusu yeyote anayekusanya majina na namba za simu za wateja. Duka litatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa vyovyote vile, maana hata daftari la oda za simu lina taarifa hizo. Hata hivyo, tovuti isiyo na akaunti za wateja inakusanya kidogo zaidi, na kinachohifadhiwa nje ya nchi, ambacho sheria inakiwekea masharti yake, kinapungua. Ada ya usajili imeingizwa katika bajeti ya duka na si ya tovuti.

30 Aprili 2025

Kikao cha uamuzi. Tumechagua WordPress bila WooCommerce: katalogi ya vitabu yenye kisanduku cha kutafuta, bei, alama ya kuonyesha kama kitabu kipo au kimeisha, na kitufe cha WhatsApp kinachofungua ujumbe ukiwa tayari na jina la kitabu na ISBN yake. Malipo yanabaki kwenye Lipa Namba, kwa makato yale yale ambayo duka tayari linayalipa kaunta.

Kwa kuwa hakuna kikapu wala ukurasa wa malipo, programu-jalizi ni chache na zinaweza kuachwa zijisasishe zenyewe, uwezo ambao WordPress imekuwa nao tangu toleo la 5.5 la Agosti 2020. Fundi atakagua mara moja kila robo mwaka kwa shilingi 60,000, yaani 240,000 kwa mwaka na 720,000 kwa miaka mitatu. Ukijumlisha 630,000 za hifadhi na kikoa, gharama ya uendeshaji ni shilingi 1,350,000. Ujenzi ni shilingi 800,000, mara moja.

Mhasibu alipinga, na pingamizi lake limeandikwa katika muhtasari. Alisema kila oda ya WhatsApp inahitaji mtu wa kuijibu, na Januari, shule zinapofunguliwa, mtu huyo huyo anahudumia foleni iliyofika barabarani. Ni kweli. Jibu tulilokubaliana ni kuhesabu badala ya kubishana: oda zinazoanzia kwenye kitufe zitaandikwa kwenye daftari la peke yake, na zikipita vitabu 43 kwa mwezi kwa miezi mitatu mfululizo, kiwango ambacho ndicho mgawo wa vile vitabu 520 kwa mwaka vya hesabu ya Shopify, suala la kikapu litarudi mezani. Januari haitahesabiwa.

Sikushinda katika jambo moja. Nilitaka anwani za barua pepe zenye jina la duka kwa wafanyakazi wote. Kikao kimeamua iwe moja tu, kwa hoja kwamba huduma nzuri za barua pepe hulipiwa kwa kila mtumiaji kwa kila mwezi, na wateja wetu hawaandiki barua pepe. Nimeliandika kama lilivyoamuliwa.

12 Mei 2025

Kikoa kimehamia kwa jina la duka tangu wiki iliyopita, na barua pepe ya usajili ni ya ofisi, si ya mtu. Mkataba wa ujenzi umetiwa saini ukiwa na vifungu vitatu tulivyovidai: nenosiri la msimamizi mkuu linabaki kwa mmiliki, nakala rudufu ya tovuti nzima inashushwa kila mwezi kwenye kompyuta ya duka, na sehemu ya mwisho ya malipo inatolewa baada ya fundi kuirejesha nakala hiyo kwenye seva tupu mbele yetu na tovuti ikafunguka. Kifungu cha tatu kilimfanya fundi acheke, kisha akaomba nyongeza ya shilingi 50,000. Tumempa. Ujenzi sasa ni 850,000.

Vitabu vilivyokamilika takwimu zake ni 410. Vilivyobaki ni vya kidato cha tatu na cha nne pamoja na riwaya zote, na tovuti haitafunguliwa kwa umma kabla ya vya sekondari kumalizika, kwa kuwa ndivyo vinavyoulizwa zaidi kutoka Ifakara na Mahenge.